Kilio cha magharibi: uchambuzi wa kisa cha mtoto wa wiki sita kutoka Matondoni

Mtoto ni wa kike, mzaliwa wa kwanza, alizaliwa salama akiwa ametimiza miezi yake, kilo 3.1. Mama ana miaka 22. Wanaishi Matondoni, upande wa magharibi wa kisiwa cha Lamu, kijiji cha mafundi wa majahazi, na baba wa mtoto ni mmoja wa mafundi hao. Walikuja kliniki ya watoto mjini kwa chanjo za wiki ya 6, lakini chanjo hazikuwa akilini mwa mama siku ile. Alikaa kwenye benchi, mtoto amelala pajani, naye macho yamemwiva kwa kukosa usingizi. Aliyezungumza ni mama yake mzazi.

"Mwanangu, kabla hujampiga sindano, mtazame kwanza huyu. Ana mchango. Ikifika magharibi huanza kulia, hanyamazi mpaka saa nne usiku. Tushampa kila dawa."

Mchango kwetu ni msokoto wa tumbo. Majina nimeyaondoa, na yale yanayoweza kuwatambulisha nimeyabadilisha. Ninakiandika kisa hiki kwa sababu walikuwa wamekwisha kuamua kumwachisha mtoto ziwa. Kopo la maziwa ya unga lilikuwa limo kikapuni, limenunuliwa asubuhi ileile. Mtoto mzima, anayenyonya na kukua, alikuwa karibu kuondolewa kwenye chakula chake bora kwa sababu ya kilio ambacho kingekwisha chenyewe. Hilo naliona mara nyingi mno, na kila nikiliona linaniuma.

Nyumbani

Kilio kilianza mtoto akiwa na wiki mbili hivi, kikazidi wiki baada ya wiki. Mchana hana neno: ananyonya, analala, akiamka anatazama watu. Jua likizama anaanza kuhangaika, anashika ziwa na kuliacha, kisha analia kwa sauti ya juu, uso umemwiva, ngumi amezikunja, magoti ameyavuta tumboni, tumbo gumu. Anajamba sana. Akibebwa hutulia kidogo, akilazwa huanza upya. Usiku ukishakuwa mkubwa hunyamaza mwenyewe, hunyonya, hulala.

Kila mtu nyumbani alikuwa na sababu yake. Bibi alisema mchango. Jirani alisema jicho, maana mtoto ni mnene na mweupe na watu wamemsifu bila kusema mashaallah. Wifi wa mama alisema maziwa yake ni mepesi, hayamshibishi mtoto. Kati ya sababu hizo tatu, mama aliishika hiyo ya mwisho, kwa kuwa ndiyo iliyomtia yeye hatiani.

Nikauliza mtoto amesaidiwa na nini. Nauliza hivyo makusudi. Anayeulizwa "mumempa nini?" kwa sauti ya polisi atajibu "hatukumpa kitu", na hapo tunakuwa tumepoteza habari muhimu kuliko zote. Bibi alinihesabia bila kuficha: maji ya uzile (bizari nyembamba) yenye sukari, vijiko viwili asubuhi na jioni. Gripe Water kutoka duka la dawa. Asali kwa ncha ya kidole. Mvuje, ule utomvu mkavu wenye harufu kali, umefungwa kwenye kitambaa kifundoni mwa mkono, na mara moja umeyeyushwa kwenye maji akalambishwa. Mafuta ya nazi tumboni kila jioni. Wanja kwenye nyusi na doa moja kwenye paji la uso.

Mama naye alikuwa kwenye miiko. Maharagwe, kunde, kabichi, pilipili mbichi, embe na samaki wa shombo, vyote amekatazwa ili gesi isipite kwenye maziwa. Chakula chake kilikuwa wali, mchuzi mwepesi wa kuku na uji wa pilipili manga. Viganja vyake na ndani ya kope vilikuwa vyeupe kwa upungufu wa damu.

Mizani kwanza

Nilimweka mtoto kwenye mizani kabla ya kutoa neno lolote. Kilo 4.5. Ameongeza kilo 1.4 kwa siku 42, yaani gramu 33 hivi kila siku, ilhali mtoto wa umri huu hutarajiwa kuongeza gramu 25 hadi 30. Nilichukua kijitabu cha mama na mtoto, nikaweka nukta kwenye chati, nikamwonyesha bibi mstari unavyopanda. Nilimwambia maziwa yaliyojenga mwili huu ni ya binti yako, na hakuna mtoto anayenenepa kwa maziwa mabaya. Mama aliinua uso kwa mara ya kwanza.

Uzito peke yake hautoshi, kwa hiyo tulimvua mtoto nguo zote. Hili nalisisitiza kwa wenzangu wa zahanati: mtoto anayelia hachunguzwi akiwa amefungwa kanga na soksi. Joto nyuzi 36.8. Utosi bapa, haukuvimba wala kubonyea. Macho safi, masikio safi, mdomoni hakuna utando mweupe. Tumbo laini, na kulibonyeza hakumliza. Kinena nilikiangalia pande zote mbili, kwa kuwa ngiri iliyonasa humliza mtoto hivihivi na ni jambo la upasuaji wa haraka. Nilipitia vidole vya mikono na miguu kimoja kimoja. Nywele ya mama, au uzi wa soksi, huweza kujizungusha kwenye kidole cha mtoto na kukikaba mpaka damu isipite, na aliye nyumbani haoni kitu ila kilio. Hakuwa nao. Mapaja yalifunguka bila maumivu, na mifupa haikuwa na alama ya kuumia.

Nepi ilikuwa na choo cha manjano, cha majimaji, chenye chembechembe. Mama alidhani ni kuhara. Hicho ndicho choo cha mtoto anayenyonya. Hakikuwa na damu wala makamasi. Damu au makamasi kwenye choo, pamoja na ngozi yenye ukurutu, vingenifanya nifikirie mzio wa protini ya maziwa ya ng'ombe, ambao kwa mtoto anayenyonya hushughulikiwa kwa mama kuacha maziwa ya ng'ombe na vyakula vyake kwa wiki mbili hadi nne na kuangalia kama kuna nafuu. Hapa hapakuwa na sababu ya kumnyima mama kitu.

Kulikuwa na mambo mengine mawili yaliyowatia hofu. Baada ya kunyonya, maziwa humtoka mdomoni, wakati mwingine kwa wingi. Huko ni kucheua, na kwa mtoto anayeongeza uzito hakuhitaji dawa. Huongezeka mpaka kwenye mwezi wa nne hivi, na wengi huacha kabla ya kutimiza mwaka. Matapishi yanayoruka kwa nguvu kila baada ya kunyonya, kwa mtoto anayepungua, ni jambo jingine, maana huenda mlango wa chini wa mfuko wa chakula umebana. Na matapishi ya kijani ni dharura, usiku au mchana. La pili ni kwamba mtoto hujikamua, akawa mwekundu na kulia kwa dakika kumi, kisha akatoa choo laini. Anajifunza kusukuma huku akilegeza, vitu ambavyo bado havijapatana mwilini mwake. Bibi alikuwa akimsaidia kwa kipande cha sabuni njia ya haja kubwa. Nilimwomba aache, kwa kuwa sabuni huchubua, na mtoto aliyezoea kusaidiwa huchelewa kujifunza.

Mwisho nilimtazama akinyonya. Alikuwa ameshika chuchu tu, midomo imekunjwa ndani, na kila mara alisikika akimeza hewa. Tulimgeuza mwili mzima umwelekee mama, kidevu kikagusa ziwa, mdomo ukafunguka mpaka ukachukua sehemu kubwa ya weusi wa ziwa. Mama akasema maumivu yamekwisha. Tukakubaliana amalize ziwa moja kabla ya kupewa la pili.

Hali hii ni nini hasa

Mwaka 1954 Morris Wessel na wenzake huko Marekani waliweka kipimo cha hali hii kinachojulikana hadi leo: mtoto mwenye afya anayelia zaidi ya saa 3 kwa siku, zaidi ya siku 3 kwa wiki, kwa zaidi ya wiki 3. Wataalamu wa magonjwa ya tumbo waliorekebisha vigezo mwaka 2016 hawahesabu tena saa kwa matibabu ya kawaida. Wanatazama kama mtoto hajafikia miezi mitano, kama kilio hujirudia, ni kirefu, hakina sababu inayoonekana na wazazi hawawezi kukizuia, na kama mtoto anakua vizuri, hana homa wala dalili ya ugonjwa. Mtoto wetu aliingia humo kwa kila upande. Karibu mtoto mmoja kati ya watano hupitia hali hii.

Watu wa Lamu huiita mchango au msokoto wa tumbo, na majina hayo yote yanaweka kosa tumboni. Sababu yenyewe bado haijajulikana kwa uhakika. Gesi aliyokuwa nayo mtoto huyu, kwa sehemu kubwa, ilitokana na kulia, kwa kuwa mtoto anayelia saa tatu humeza hewa saa tatu. Kuna utafiti unaoonyesha tofauti katika bakteria wa utumbo. Kuna unaoonyesha kwamba watoto waliokuwa na hali hii huonekana zaidi miongoni mwa wanaopata kipandauso baadaye, jambo linaloelekeza macho kwenye neva kuliko kwenye utumbo. Lililo wazi ni kwamba watoto wanaonyonya na wale wa maziwa ya kopo hulia sawasawa. Kopo lile kikapuni lisingenyamazisha kilio. Lingeleta gharama ya kila wiki, chupa za kuchemsha na maji ya kisima kwenye tumbo ambalo bado ni changa.

Tena kilio cha watoto wote, wenye hali hii na wasio nayo, hupanda na kushuka kwa umbo moja. Mwaka 1962 daktari T. Berry Brazelton alichapisha kumbukumbu za kina mama 80 wa Marekani. Katikati ya kundi hilo kilio kilikuwa karibu saa 2 kwa siku kwenye wiki ya pili, kikafika saa 2 na dakika 45 kwenye wiki ya sita, kisha kikaanza kupungua. Wako watakaosema hayo ni ya watoto wa Kizungu wanaolazwa peke yao chumbani. Lakini Wasan wa Botswana, ambao mama zao huwabeba watoto karibu mchana kutwa na kuwanyonyesha mara kadhaa kila saa, walichunguzwa pia, na matokeo yakatoka mwaka 1991. Kilio chao kilipanda na kushuka majira yaleyale. Tofauti ni kwamba kila kilio kilikatika upesi, na jumla yake ikawa nusu hivi.

Arobaini na wiki ya sita

Hapa ndipo kwenye kiini cha kisa hiki kwa maoni yangu. Kwetu mzazi hukaa arobaini. Hapiki, hafui, hatoki. Anakandwa, anaogeshwa kwa maji ya moto, anapikiwa uji, na mtoto ana mikono mingi ya kumpokea. Ni utaratibu mzuri, na sehemu nyingi za dunia zingefaidika nao. Lakini siku ya arobaini inaangukia kwenye wiki ya sita, majira yaleyale ambapo kilio kinafika kileleni. Mkandaji anaaga, shangazi waliokuja kutoka Faza na Siyu wanarudi kwao, na mama anaingia jikoni wakati wa magharibi, saa ambayo nyumba ina kazi nyingi kuliko zote na mtoto analia kuliko siku zote.

Niliwauliza siku ile: arobaini imetoka lini? Ilikuwa imetoka juzi yake. Na siku ngumu kuliko zote zilikuwa zipi? Jana na juzi. Bibi alinyamaza, kisha akasema, "Basi tumemwacha na mtoto saa mbaya." Hawakuwa na kosa. Waliufuata utaratibu kama walivyoupokea. Lakini kama kuna dawa ya hali hii, ni mikono ya watu, na mikono hiyo haina budi kubaki mpaka mtoto atimize miezi mitatu, angalau kuanzia magharibi hadi isha.

Nilimtoa bibi kidogo nje, nikamuuliza mama peke yake kuhusu moyo wake. Je, umekuwa na huzuni inayokukalia? Je, vitu ulivyokuwa ukivifurahia vimepoteza ladha? Alilia. Alisema usiku mwingine humtazama mtoto asijue kama anampenda. Hakuwa na mawazo ya kujidhuru wala ya kumdhuru mtoto, nami nilimuuliza waziwazi. Swali hilo halimtii mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Nilimwambia alichokisema ni kitu wanachokipitia wanawake wengi waliochoka kupita kiasi, kwamba nitamuuliza tena wiki ijayo, na kwamba kikizidi kina matibabu na daktari wa kukitibu yupo. Kisha nikampa vidonge vya kuongeza damu na kumfutia miiko yote. Kunde, maharagwe na samaki ni damu na maziwa. Ushahidi kwamba kabichi aliyoila mama inamsokota mtoto ni dhaifu mno kumfanya mwanamke akae na njaa.

Dawa moja moja

Bibi alitaka kujua kila alichokitoa kina ubaya gani, na haki yake ilikuwa kujibiwa kwa kituo.

Asali ilikuwa ya kwanza. Huweza kubeba mbegu za bakteria wa botulizimu ambazo mtu mzima huzimeza bila madhara, ila utumbo wa mtoto wa chini ya miezi 12 unaziacha ziote na kutoa sumu inayolegeza misuli, hata ya kupumulia. Nilimwambia sisemi asali si dawa, na mtoto akipita mwaka ataila kwa afya.

Mvuje kwenye kitambaa sikuugusa, ila niliomba usifungwe shingoni, kwa kuwa uzi wa shingoni hukaba. Wa kulamba ni hatari. Mwaka 1984 madaktari wa Marekani waliandika habari za mtoto mchanga aliyepewa mvuje kwa ajili ya tumbo, damu yake ikashindwa kubeba oksijeni. Wanja nao nilishauri ufutwe, kwa sababu baadhi ya wanja za dukani zina madini ya risasi, na mtoto hujipangusa usoni kisha akatia mkono mdomoni.

Maji ya uzile hayana sumu kwa kiasi kile, lakini kila kijiko cha maji kinachukua nafasi ya kijiko cha maziwa. Mama akasema, "Lakini daktari, joto hili la kaskazi, mtoto hana kiu?" Swali la maana. Karibu sehemu 87 kati ya 100 za maziwa ya mama ni maji, na mtoto anayenyonya kila anapotaka hahitaji tone jingine kabla ya miezi 6, hata mwezi wa Machi.

Gripe Water niliiongelea zaidi, maana ipo karibu kila nyumba. Iliundwa Uingereza mwaka 1851 na William Woodward, mfamasia wa Nottingham. Kwa zaidi ya miaka mia moja ilikuwa na pombe ndani yake, na pombe hiyo ilikuja kuondolewa Uingereza kwenye miaka ya 1990. Zinazouzwa sasa kwa kawaida hazina, lakini aina ni nyingi na lebo isomwe. Bila ya pombe, kilichobaki hakijathibitishwa kuwa kinatuliza kilio. Dawa nyingine ya gesi, simethikoni, ilijaribiwa Marekani kwa watoto 83, matokeo yakachapishwa mwaka 1994: watoto waliopewa dawa na waliopewa maji yasiyo na dawa walipata nafuu sawa. Nafuu ilikuwapo kwa wote, na ndiyo maana kila dawa ya mchango ina mashahidi wake. Ukianza kumpa mtoto chochote kwenye wiki ya sita, kwenye wiki ya kumi atakuwa analia kidogo.

Dawa iitwayo dicyclomine ni ya kuikataa kabisa. Hupunguza kilio kweli, lakini imewahi kusababisha watoto wa chini ya miezi 6 kushindwa kupumua. Ukiiona kwenye chupa ya matone ya mtoto, rudisha dukani. Matone ya bakteria wazuri, hasa Lactobacillus reuteri, yamesaidia kwenye baadhi ya tafiti za watoto wanaonyonya, lakini utafiti mkubwa wa Australia wa mwaka 2014 haukuona faida. Bei yake si ya kila nyumba. Sikuwaandikia.

Mafuta ya nazi niliyabakisha. Kukanda tumbo taratibu, kwa mkono uliopashwa joto, kati ya kunyonya na kunyonya, hakumdhuru mtoto, na kunampa bibi kazi ambayo anaijua kuliko mimi.

Jioni mpya

Mpango tuliupanga pale pale. Mama anyonyeshe kabla ya magharibi, kisha alale, mlango umefungwa, mpaka isha. Bibi ambebe mtoto kwa kanga, kifua kwa kifua, taa imepunguzwa, wageni wasipokezane mtoto saa hiyo. Nilitaka atolewe hewani, bibi akasema mtoto hatolewi nje magharibi. Tukakubaliana atembezwe ndani mpaka isha, kisha uani. Wifi, yuleyule aliyesema maziwa ni mepesi, alipewa jikoni.

Baba alikuja wiki iliyofuata. Alikuwa na aibu kusema, lakini alisema: kilio kikianza yeye huondoka kwenda barazani mpaka kiishe, kwa sababu usiku mmoja alihisi hasira ikimpanda mikononi. Nilimshukuru kwa dhati. Mtoto hutikiswa na mtu aliyechoka, aghalabu kwenye wiki hizihizi za kilio kikali, na kutikiswa kwa sekunde chache kunaweza kupasua mishipa ya damu kichwani, kumpofua au kumuua. Nilimwambia akihisi hivyo tena, amlaze mtoto chali mahali salama, atoke, avute pumzi, arudi baada ya dakika chache. Kilio hakitamuua mtoto. Kisha nikamwomba achukue nusu saa ya kumbeba baada ya swala ya isha. Alikubali, na mama aliniambia baadaye kwamba yeye ndiye anayemtuliza upesi kuliko wote.

Kilio hakikukoma. Niliwaambia mapema kwamba hakitakoma wiki hiyo, ili wasitafute dawa ya saba. Kilichobadilika ni kwamba mama alilala saa mbili mfululizo kila jioni, na kopo la maziwa halikufunguliwa.

Kilio kingine

Kabla hawajaondoka siku ya kwanza tuliongea pia habari ya hatari, na hili muuguzi asiliruke hata foleni ikiwa ndefu kiasi gani. Mtoto aliyepewa jina la mchango huwa hatarini kwa jina lenyewe, kwa kuwa kila kilio chake huambiwa ni kilekile. Tulisema: homa, au mwili kupoa isivyo kawaida, kukataa ziwa, kulegea au kulala asiamshike, kupumua kwa haraka, mara 60 au zaidi kwa dakika, degedege, matapishi ya kijani, damu kwenye choo, tumbo lililovimba. Kwa mtoto wa chini ya miezi mitatu homa ya nyuzi 38 ni safari ya hospitali siku hiyohiyo. Kwa watu wa Matondoni maneno hayo hayatoshi bila njia. Tuliuliza nani ana boti, na maji yakiwa yamekupwa atapandishwa punda wa nani au pikipiki ya nani, na namba ya mhudumu wa afya wa jamii ikaandikwa nyuma ya kijitabu.

Kwenye wiki ya tisa mtoto alilia asubuhi. Wifi alisema mchango umehama saa. Bibi alimsikiliza, akasema, "Hiki sicho kilio chake." Alikuwa anakijua kile cha magharibi, jinsi kinavyoanza na kinavyopanda. Hiki kilikuwa chembamba, cha kukatika, na mtoto aliliacha ziwa. Maji yalikuwa yamejaa, walifika kwa boti. Joto nyuzi 38.4. Katika Hospitali ya Kaunti ya King Fahd alilazwa, mkojo ukapimwa, ukaonyesha maambukizi ya njia ya mkojo, akapewa antibiotiki za sindano. Siku ya pili homa ilishuka na akanyonya. Kwa mtoto mdogo hivi, maambukizi ya mkojo yakicheleweshwa hupanda kwenye figo na kuingia kwenye damu.

Mashine haikuwapo nyumbani kule, wala kipimajoto. Alikuwapo mwanamke aliyembeba mtoto kila jioni kwa wiki tatu, akakijua kilio chake. Kumpokonya kazi hiyo kwa sababu alimlambisha mtoto asali kungetugharimu.

Aliporudi kwa chanjo za wiki ya 14 mtoto alikuwa na kilo 6.1. Kilio cha magharibi kilikuwa kimepungua tangu wiki ya kumi na moja, na sasa ni manung'uniko ya nusu saa, siku moja moja. Figo zilitazamwa kwa picha ya sauti, ziko sawa. Nilimuuliza mama tena maswali yaleyale mawili, akasema hapana kwa yote. Anaendelea na vidonge vya damu, na anakula samaki. Bibi alikuwa na swali moja tu: uji wa mtoto aanze lini, maana jirani amemwanzishia wake wa miezi mitatu. Nilimwambia miezi 6 ikitimia, na kwa kuanzia uwe mzito kiasi cha kukaa kwenye kijiko.